Jibu kwa msomaji: Mita 621 tu, dira ya nini?

Msomaji wetu mmoja, muuguzi mzaliwa wa Arusha anayefanya kazi Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, ameandika hivi: amewahi kupanda Mlima Meru hadi kilele cha Meru Ndogo, na sasa anataka kumpeleka binti yake wa miaka 16 kutembea katika nyanda za Dartmoor, ambazo anaziona kwa mbali kila akienda kazini. Anauliza ni njia ipi itakayowapitisha kwa siku moja kwenye nyika ya juu, bonde la mto na yale mawe ya kale yanayosifiwa. Anauliza pia kama kweli wanahitaji ramani na dira mahali ambapo kilele chake kina mita 621 tu, na tunajuaje kwamba mawe hayo ni ya kale na si ya wafugaji wa juzi. Mwishoni anauliza kama wanaruhusiwa kulala huko kwenye hema.

Dada yangu, nianze na hizo mita 621, kwa kuwa ndizo zinazowaponza wengi. High Willhays, kilele cha juu kuliko vyote Dartmoor, hakifiki hata nusu ya mwinuko wa Arusha mjini, ambapo watu wanauza ndizi na kusubiri daladala katika mita 1,400 hivi. Kwa hesabu hiyo ni haki yako kuuliza dira ni ya nini. Lakini kumbuka ulivyopanda Meru. Mbele yako alikuwapo askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati na tembo, njia ilikuwa moja, imekanyagwa na maelfu ya watu waliokutangulia, na swali pekee lililobaki lilikuwa kama mapafu na magoti yako yatakubali. Dartmoor hakuna atakayekutangulia na mara nyingi hakuna njia yoyote ya kufuata; ramani inaweza kuonyesha mstari wa kijani ukikatiza mlima, nawe ukifika hapo ukakuta nyasi tu pande zote. Mapafu hayatakusumbua. Kazi yote ni kujua uko wapi, na kazi hiyo ni ngumu zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Sababu ni umbo la nchi yenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Dartmoor, iliyotangazwa mwaka 1951, ina ukubwa wa kilomita za mraba 954, na sehemu yake kubwa ya juu imekaa juu ya mwamba wa itale wenye umri wa miaka milioni 280 hivi. Mwamba huo umelika polepole ukaacha migongo ya mviringo isiyo na miti, inayofanana kama mayai kwenye trei, na juu ya baadhi yake yamebaki marundo ya miamba ambayo wenyeji huyaita tor. Siku ya jua, tor ni alama nzuri kuliko kibao chochote cha barabarani. Siku ya ukungu, hazipo. Na ukungu wa huko ni mawingu yenyewe yaliyoshuka kutoka Atlantiki: Princetown, mji ulio katikati ya nyika, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, takriban maradufu ya hizo zinazokunyeshea wewe Plymouth. Nimekuwa nikiongoza vikundi huko kwa miaka mingi, na bado nimewahi kusimama hatua 40 kutoka kwenye tor ninayoifahamu kama nyumba ya jirani, nisiione, huku nikiwaambia wenzangu kwa sauti ya kujiamini kwamba tuko upande mwingine kabisa. Dira ndiyo iliyonisuta.

Wenyeji wana kisa chao kuhusu jambo hili. Kaskazini mwa kijiji cha Postbridge kuna maduara mawili ya mawe yaliyosimikwa kandokando, kila moja na upana wa zaidi ya mita 30, yanayoitwa Grey Wethers, yaani kondoo dume wa kijivu waliohasiwa. Inasimuliwa kwamba mgeni mmoja, aliyekuwa amekunywa vya kutosha katika kilabu cha karibu, alionyeshwa kundi la kondoo kwa mbali ndani ya ukungu, akalipa fedha taslimu, na asubuhi alipokwenda kuwachukua akakuta amenunua mawe. Kisa ni cha kuchekesha mpaka siku utakaposimama pale kwenye ukungu, ukayaona mawe yale yakiwa kama yamejikunyata kwa baridi na kukupa migongo.

Kwa hiyo, ndiyo: ramani ya karatasi ya kipimo cha 1 kwa 25,000, ambayo kwa Dartmoor ni karatasi namba OL28 ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, pamoja na dira, na mazoezi ya jioni mbili tatu kabla ya kutoka. Simu ni msaidizi mzuri, nami huitumia, lakini baridi huimaliza betri, mvua huufanya uso wake usisikie kidole, na mabonde mengi hayana mtandao.

Jambo la pili la kujifunza ni kuisoma ardhi kwa rangi. Sehemu kubwa ya nyika imefunikwa na mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka katika maji bila kuoza, na mboji hunyonya maji kama sifongo. Ukiona zulia laini la kijani kibichi kinachong'aa, zuri kiasi cha kutamani kuketi, hapo chini ni maji, na mguu utazama hadi gotini au zaidi. Vishungi vyeupe kama pamba vinavyopepea juu ya majani membamba navyo vinakuambia hivyohivyo. Kangaga, yale majani mapana yanayogeuka hudhurungi majira ya baridi, hupenda udongo unaopitisha maji, basi hapo mguu una pa kukanyaga. Vichaka vifupi vya maua ya zambarau na vile vya miiba yenye maua ya manjano mara nyingi navyo huota pakavu kuliko jirani zao. Fuata pia vijia vya kondoo na farasi wadogo wa huko, kwa kuwa hawapendi kulowa kuliko wewe, ila kumbuka kwamba wanakwenda wanakotaka wao.

Sasa njia. Kwa siku ya kwanza ya kutembea nyikani nisingekupeleka Grey Wethers, kwa sababu kwenda na kurudi kutoka Postbridge kando ya Mto East Dart ni zaidi ya kilomita 12, na nusu yake ni tope. Ningekupeleka upande wa mashariki, juu ya mji mdogo wa Chagford, ambapo kilomita 8 hivi zinakupa vyote vitatu ulivyoomba na ambapo mto na kuta za mashamba zinakulinda usipotee mbali.

Unaacha gari kwenye maegesho madogo karibu na shamba la Scorhill, nje ya kijiji cha Gidleigh, unapita lango, na njia inapanuka kati ya kuta mbili za mawe kama mdomo wa faneli hadi inakumwaga nyikani. Kuta hizo zilijengwa hivyo ili mifugo inayoshushwa kutoka malishoni ijikute inaingia njiani yenyewe. Unapanda polepole kuelekea magharibi, huoni kitu, unaanza kunilaumu, halafu unavuka mgongo wa kilima na duara la Scorhill liko chini yako, likitazama bonde. Lina upana wa mita 26 hivi, na jiwe lake refu linamzidi mtu mzima kimo. Nakuomba usiingie moja kwa moja. Lizunguke kwanza kwa nje, umwachie binti yako achague jiwe moja, aweke kiganja juu yake. Itale ya Dartmoor ina chembe kubwa za fuwele nyeupe, nyingine zina urefu wa kifundo cha kidole, na mvua imeula mwamba ulio laini kati yake hadi fuwele zimebaki zimetokeza kama kokwa. Ukigusa jiwe lililochongwa karne iliyopita kwa ajili ya nguzo ya lango utahisi tofauti mara moja, na hilo ni jibu la kwanza, japo si la kisayansi, la swali lako la umri.

Kutoka kwenye duara shuka hadi ukute maji. Hapo kijito cha Walla Brook kinajiunga na Mto North Teign, na ukingoni, chini kidogo ya makutano, kuna jiwe kubwa linaloitwa Tolmen, lenye tundu la mviringo ambalo mtu anaweza kupita. Tundu hilo halikutobolewa na mtu. Mafuriko ya miaka mingi yalizungusha kokoto katika kishimo kimoja, kama mchi unavyozungushwa kinuni, hadi kinu kikatoboka. Waliamini zamani kwamba ukipita ndani yake unapona maumivu ya viungo. Binti yako atataka kupita, najua, na wengi hupita. Mwache kama mto ni mdogo na jiwe ni kavu, maana chini ya tundu ni mwamba na maji, na jiwe lililolowa huteleza kama sabuni.

Hapo karibu kuna madaraja mawili ya mabamba ya itale yaliyolazwa juu ya maji bila saruji, moja juu ya Walla Brook na jingine juu ya North Teign. Yavuke yote mawili. Usijaribu kuvukia kwingine kwa kurukaruka mawe, kwa kuwa mito hii inatoka kwenye mboji iliyokwisha kushiba, na mvua kubwa ikinyesha huko juu maji hupanda kwa saa chache. Kuna maneno ya mapokeo kuhusu Mto Dart kwamba kila mwaka hudai moyo mmoja, na mito jirani haina tabia bora kuliko ndugu yake.

Ukishavuka, panda hadi pembe ya ukuta wa shamba la Batworthy, uufuate ukuta kuelekea kusini. Ukungu ukishuka wakati huo, ukuta ndio mkono wako: hautakupoteza, na ukiugeukia utakurudisha kwenye daraja. Unapouacha ukuta unaingia Shovel Down, na hapo nataka upunguze mwendo kabisa, kwa sababu ni rahisi kupita katikati ya kazi kubwa ya kale huku unatafuta kitu kikubwa. Safu za mawe hapa ni mawe mafupi yaliyopangwa mawilimawili kupanda mgongo wa kilima, mengi yakiishia gotini, mengine yakichungulia tu kwenye nyasi. Wageni huja wakitarajia Stonehenge, lile duara maarufu la mawe makubwa mno, na huondoka wamenuna. Ukitaka kuziona vizuri, chuchumaa kwenye mwisho mmoja wa safu, uitazame kwa urefu wake jua likiwa chini; mawe yaliyokuwa yametawanyika yanajipanga ghafla. Dartmoor ina safu za namna hii zaidi ya 70, na iliyo ndefu kuliko zote, katika bonde la juu la Mto Erme, inazidi kilomita 3. Zilijengwa za nini? Nyingi zinaanzia au kuishia kwenye kaburi, na zaidi ya hapo kila mtaalamu ana dhana yake. Mimi huwaambia watu kwamba mahali panapomlazimisha mtu kutembea kwa mstari kuelekea kaburini ni mahali pa maandamano, lakini nalisema kama maoni yangu.

Kusini mwa safu hizo liko Longstone, jiwe moja lililosimama peke yake, lenye kimo cha mita 3 hivi, ambalo karne nyingi baadaye lilichongwa herufi za mipaka ya maeneo ya jirani. Kutoka hapo unageuka kaskazini-mashariki kwenda Kes Tor, mita 437, ambayo juu yake mvua na barafu vimechimba beseni mwambani, na kisha unashuka tena Batworthy na madarajani.

Kwenye mteremko wa Kes Tor ndipo ujuzi wako wa nyumbani utakapokusaidia. Umeandika kwamba uliwahi kufika Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ukaona viunzi vya mawe vya mashamba na mifereji iliyoachwa katika karne ya 18. Tumia macho hayohayo. Mistari mifupi ya mawe inayojitokeza kwenye nyasi ni mipaka ya mashamba ya Enzi ya Bronzi, iliyopangwa kwa mpango mkubwa karibu mwaka 1500 kabla ya Kristo, na mviringo wa mawe wenye uwazi upande mmoja ni msingi wa nyumba, mlango ukiwa kwenye ule uwazi. Misingi ya namna hii katika Dartmoor nzima inazidi 5,000. Pale unapoona nyika tupu palikuwa na mashamba, moshi, ng'ombe na watoto. Kisha hali ya hewa ikapoa na kuwa na mvua zaidi, udongo uliochoshwa ukageuka tindikali, mboji ikapanda, na watu wakashuka mabondeni.

Tunajuaje miaka hiyo? Jiwe lenyewe halisemi lilisimikwa lini, kwa hiyo wanaakiolojia huuliza vitu vilivyozikwa nalo: mkaa wa jikoni, mifupa iliyochomwa, mbegu na chavua zilizonaswa kwenye mboji, ambavyo umri wake hupimwa kwa kaboni. Mfano bora uko mlangoni kwako. Mwaka 2011, huko White Horse Hill kwenye mwinuko wa mita 600 hivi, walifungua sanduku dogo la mawe lililokuwa limeanza kujitokeza mboji ilipokuwa ikimomonyoka. Ndani yake walikuta mabaki yaliyochomwa ya mtu wa umri kati ya miaka 15 na 25, yakiwa yamefungwa katika ngozi ya dubu, pamoja na kikapu kilichosukwa, mkanda wa nyuzi za mmea na ngozi, vipuli vya mbao, na shanga zaidi ya 200, miongoni mwake za kaharabu na za bati. Kaharabu haipatikani Dartmoor, kwa hiyo ililetwa kutoka mbali. Bati lipo tele. Maziko hayo ni ya miaka 3,600 hivi iliyopita, na kama isingekuwa mboji, ambayo hainyimi wafu hifadhi kama inavyowanyima walio hai pa kukanyaga, tusingebakiwa na uzi hata mmoja. Vitu hivyo vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la The Box hapo Plymouth. Mpeleke binti yako huko kabla ya safari. Aliyezikwa huenda alikuwa na umri wake, na baada ya kuona shanga zile hataziita safu za Shovel Down vijiwe.

Kuhusu muda, kuna kanuni ya Mskoti aitwaye Naismith, ya mwaka 1892, inayohesabu kilomita 5 kwa saa na kuongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ilikuwa ya wanaume wenye miguu mirefu. Kwa nyasi za Dartmoor, na kijana anayepiga picha, hesabu kilomita 3 kwa saa, uongeze vituo. Njia hii itakula saa tano. Mwezi wa Mei au Juni una nafasi ya kutosha, lakini Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na nusu jioni, na mtu aliyeanza saa sita mchana anajitafutia shida. Bebeni koti la mvua na suruali ya mvua hata kama asubuhi ni nyeupe, sweta la ziada lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki, chai ya moto ndani ya chupa, tochi na filimbi. Mlio wa dhiki ni sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja. Kwa simu piga 999, uombe polisi, kisha waambie unahitaji waokoaji wa milimani. Mkirudi nyumbani, kagueni nyuma ya magoti na kwenye kiuno kama kuna kupe; wewe ni muuguzi, sina haja ya kukueleza ugonjwa wa Lyme.

Njia niliyokupa iko nje ya maeneo ya jeshi, lakini siku utakapotamani High Willhays au White Horse Hill utakuwa umeingia katika eneo la mazoezi ya kulenga shabaha la Okehampton. Yapo matatu kaskazini, pamoja na Merrivale na Willsworthy, na mipaka yake ina nguzo za rangi nyekundu na nyeupe. Siku za kufyatua risasi hupandishwa bendera nyekundu, na ratiba hutangazwa mapema na serikali. Bendera ikipepea, usivuke. Chuma chochote cha ajabu ukikikuta chini, usikiguse, hata kama kinaonekana ni cha babu yake babu.

Hema linaruhusiwa, kwa masharti. Sheria ya Malisho ya Pamoja ya Dartmoor ya mwaka 1985 iliwapa watu wote haki ya kuingia huko kwa miguu au kwa farasi kwa ajili ya burudani ya nje, mahali pa wazi. Wenye ardhi fulani walidai mahakamani kwamba kulala si burudani, wakashinda mwanzoni mwa 2023, wakashindwa kwenye rufaa mwaka huohuo, na tarehe 21 Mei 2025 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kauli moja kwamba hema linaingia katika haki hiyo. Hii haina maana ya popote unapopenda: Mamlaka ya Hifadhi hutoa ramani ya sehemu zinazokubalika, hema liwe dogo la kubebwa mgongoni, usiku mmoja au miwili, mbali na barabara na nyumba, bila moto wa kuni wala jiko la mkaa. Na si ndani ya maduara ya mawe, ambayo mengi yanalindwa kisheria kama mabaki ya kale ya taifa; kuhamisha jiwe hata dogo ni kosa la jinai. Ningependa mtembee kutwa mara mbili kabla ya kulala.

Kama asubuhi yenyewe mawingu yamekaa juu ya vilima, msirudi nyumbani. Shukeni Fingle Bridge, kilomita chache kutoka Chagford, ambako Teign hiyohiyo inapita kwenye bonde jembamba lenye msitu. Kuna njia ya juu inayokwenda chini ya Castle Drogo, ngome iliyojengwa kati ya 1911 na 1930, na njia ya chini inayoandama mto, na ukizunguka zote mbili ni kilomita 6 au 7 zenye vibao. Wakati wa kurudi, karibu na kijiji cha Drewsteignton, katikati ya malisho ya shamba, kuna Spinsters' Rock: mawe matatu yaliyosimama yakibeba la nne kama meza, mabaki ya kaburi la kale zaidi ya duara la Scorhill. Hadithi inasema lilijengwa na wanawake watatu wasokota nyuzi, asubuhi moja kabla ya kifungua kinywa, walipokuwa wakipeleka kazi yao sokoni. Lilianguka mwaka 1862 na likasimamishwa tena mwaka huohuo, na wajenzi wa safari hiyo ya pili walihitaji muda mrefu zaidi.